Mgombea Mwenza Hapatikani

Jumanne, 2 Juni 2026

Siamini. Mpaka saa hii siamini. Mgombea wangu ameulizwa swali moja tu mbele ya wanachama. Moja! Na ameshindwa.

Nianze vizuri, maana kichwa kinazunguka. Chama chetu cha ushirika wa kahawa hapa Maguu kinachagua viongozi Jumamosi ya wiki ijayo. Kwa katiba yetu, mwenyekiti na makamu wanasimama pamoja na kura moja inawabeba wote wawili, kama rais na mgombea mwenza wake. Mzee Othmar anagombea tena uenyekiti. Watu wanampenda. Tatizo ni kifua. Anakohoa mpaka macho yanatoka, na siku hizi analetwa mkutanoni akiwa amebebwa pamoja na kiti chake. Kwa hiyo wanachama hawamtazami yeye. Wanamtazama atakayebaki.

Na huyo wa kubaki nimemtafuta mimi! Kilian, shemeji yangu, kaka wa mke wangu Edina. Alikaa Songea miaka mingi akiuza suti za mitumba, amerudi mwaka jana na anakaa kwetu. Mrefu. Mvi kidogo pembeni. Koti linamkaa. Akisafisha koo kabla ya kusema, watu wananyamaza wenyewe. Nilimwambia Mzee Othmar kwamba kiongozi ndiye huyu. Mzee akatikisa kichwa, labda kwa kukubali, labda kwa kikohozi. Tukaelewana kwamba wakishinda, mimi ndiye karani wa mizani.

Karani wa mizani! Kahawa ndiyo hiyo inaiva. Mtu anayeshika mizani husalimiwa tangu yuko mbali. Mimi ni mtu wa Mbamba Bay, nimeoa huku milimani, na kwa baba mkwe mpaka leo nakalishwa karibu na mlango pamoja na majembe. Wananiita yule wa samaki. Nikishika mizani, nitaona nani atathubutu.

Sasa leo. Bi Kunigunda, kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisa, mama asiyekosa misa wala mkutano, akasimama. Akauliza: vichanja vya kuanikia kahawa vimeoza, je, makamu atafanya nini ili kahawa isianikwe chini? Kilian akasafisha koo. Watu kimya. Akasema kahawa ni uti wa mgongo. Bi Kunigunda akasema hilo amelisikia, anauliza vichanja. Kilian akatabasamu vizuri sana, akasema basi vichanja navyo ni uti wa mgongo. Akakaa.

Mkutano mzima ulipigwa na butwaa. Wakati natoka nikamsikia mtu anauliza mwenzake, Mungu akimwita Mzee Othmar, ndiyo tubaki na huyu?

Jumatano, 3 Juni

Simu asubuhi, hata uji sijanywa. Glorious, mtangazaji wa redio ya mjini Mbinga. Anamtaka Kilian kwenye kipindi cha wagombea. Wasikilizaji wamelalamika kwamba mgombea mwenza wa Mzee Othmar hawajawahi kumsikia hata akipiga chafya.

Bi Otilia, mwenza wa upande wa pili, yeye hatoki redioni. Ameongelea vichanja. Ameongelea bei. Jana ameongelea hata ugonjwa wa mdondo wa kuku, na hakuna aliyemuuliza! Stephano, mpambe wake, kwa bahati mbaya ni jirani yangu. Ameweka redio dirishani, imeelekezwa kwangu, sauti mpaka mwisho. Roho mbaya.

Nimefikiri sana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtu asiposikika hawezi kukosea. Asipokosea anachaguliwa. Mbona rahisi! Nikamwambia Glorious mgombea ana homa ya koo, sauti imekauka kabisa. Akampa pole.

Mchana. Balaa. Bi Kunigunda kaja na akina mama wa jumuiya, wamebeba tangawizi na mchaichai kwa ajili ya mgonjwa. Wakati huo huo nguruwe wa Stephano kaingia bustanini na Kilian anamfukuza nyuma ya nyumba, kwa sauti ambayo nina hakika ilifika kigangoni. Bi Kunigunda alisimama akasikiliza mpaka nguruwe akatoka. Akasema Mungu ni mwema, koo limepona haraka. Akaacha tangawizi akaondoka.

Edina amepika chai ya ile tangawizi. Mimi sikupewa.

Ijumaa, 5 Juni

Nimempeleka Kilian ziwani! Yuko Mbamba Bay kwa mama yangu, mbali na wanachama, mbali na maikrofoni. Simu yake nimebaki nayo mimi. Nimemwagiza asalimie watu, lakini akiulizwa swali, acheke.

Wakati wa kuagana aliniambia hajui hata kahawa yetu inauzwa wapi. Nikamwambia hakuna anayejua. Akaniuliza itakuwaje Mzee Othmar akifa. Nikamwambia asiwe na mawazo mabaya juu ya wazee. Alipanda gari huku ananitazama kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Nilimhurumia. Kidogo.

Kumbe nimesherehekea mapema. Alasiri Glorious kapiga tena. Habari za nguruwe anazo zote, kazipata kwa Bi Kunigunda. Anauliza Kilian yuko wapi. Nikasema hayupo. Atarudi lini? Nikasema atarudi. Akasema, kwa sauti ya upole ya watu wa redio, kwamba kesho atatangaza hewani kuwa mgombea mwenza hapatikani, na wananchi wapime wenyewe kama mtu asiyeweza kujibu simu anaweza kuongoza ushirika.

Jasho! Juni hii, na baridi ya Maguu, natokwa jasho! Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema amefiwa.

Glorious akanipa pole. Akauliza amefiwa na nani. Nikasema baba yake mkubwa. Halafu mtandao ukakatika, na mimi nikamshukuru Mungu kwa mitandao ya simu ya nchi hii. Hakuna mtu mwenye akili anayemfuata mfiwa na maikrofoni. Msiba unaheshimiwa kila mahali. Nimekula ugali mkubwa.

Jumamosi, 6 Juni

Yesu na Maria! Nisaidieni!

Edina alikuwa anachambua maharage uani, redio imewashwa. Matangazo ya vifo. Mimi sisikilizi, nanoa panga. Mara nasikia: uongozi wa redio unaungana na familia ya mgombea mwenza Ndugu Kilian wa Maguu kutangaza kifo cha baba yake mkubwa, Mzee Bernadi wa Litumbandyosi. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Jina sikulitaja! Naapa sikulitaja! Lakini Kilian ana baba mkubwa mmoja tu duniani, na wilaya nzima inajua. Glorious kaona wafiwa wamechanganyikiwa, akatusaidia.

Ungo ukaruka. Maharage yakamwagika uani kote. Edina alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu nimuoe. Mzee Bernadi ndiye aliyemlea wakati mama yake anaumwa, ndiye aliyempeleka shule. Akakaa chini kwenye vumbi, mikono kichwani, anamwita baba, baba. Mimi nimesimama na panga. Niliumia. Kweli kabisa niliumia, na nikafungua mdomo nimwambie.

Hapo akina mama wa jumuiya wakaingia, kanga kiunoni, wanalia tangu barabarani. Nyuma yao Stephano. Stephano! Kavua kofia, kanishika mikono miwili, kaniambia pole sana jirani, siasa tuweke pembeni. Sasa hapo mtu unasemaje? Nikalia na mimi. Machozi yalitoka yenyewe, tena mengi.

Mzee Bernadi hana simu. Anasema simu inaleta habari mbaya. Kwa hiyo hakuna wa kumpigia. Baba mkwe akaja macho mekundu, anatafuta gari. Nikasema barabara ya Litumbandyosi mbaya, tusubiri kesho. Nikasema labda si Bernadi yule. Nikasema redio hukosea. Hakuna aliyenisikiliza. Fuso likapatikana, likapakiwa unga, maharage, kuni na masufuria ya jumuiya. Baba mkwe akaniambia, mwanangu, wewe kaa mbele na dereva.

Mwanangu! Kaa mbele! Miaka yote ya ndoa nimeisubiri siku hii.

Jumapili, 7 Juni

Naandika nikiwa Litumbandyosi, nyuma ya banda la mbuzi. Hakuna anayetaka kuniona.

Jana tulipofika kwenye kona, akina mama garini wakaanza kulia kwa pamoja. Uwanja ulikuwa umejaa watu, vijiji vya jirani vimetangulia. Halafu vilio vikaanza kukatika, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki injini tu.

Mzee Bernadi amekaa mlangoni kwake anamenya viazi.

Edina aliruka garini kabla halijasimama. Alimshika usoni, mabegani, mikononi, kama anayekagua gunia. Kisha akalia upya, kilio kingine. Mimi nikashuka taratibu. Nikapiga magoti kama mkwe anavyotakiwa, nikasema shikamoo baba. Hakuitikia. Akasema marehemu haitikii salamu.

Kumbe tangazo alilisikia mwenyewe, kwenye redio yake mwenyewe! Kwanza alidhani kuna Bernadi mwingine, akaanza kumsikitikia. Halafu wakaanza kufika watu na unga.

Akauliza nani kamuua. Watu wakamtazama baba mkwe. Baba mkwe akamtazama Edina. Edina akanitazama mimi. Nikasema redio za siku hizi haziaminiki kabisa. Na hapo, katikati ya umati, akasimama Glorious. Kaja kutoa rambirambi za redio, kinasa sauti begani! Akaeleza yote, kwa upole, mbele ya ukoo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizunguka fuso akitazama nani kaja. Akauliza jina kwa jina nani amelia na nani kajifuta tu. Akalalamika kwamba tangazo lilikuwa fupi, halikusema kwamba yeye ndiye aliyefyatua tofali za kigango. Kisha akaamuru maharage yapikwe, kwa sababu yameletwa kwa ajili yake na hajaonja.

Wakati yanapikwa watu wakakaa. Watu wakikaa wanaongea, na siku hizi wanaongea uchaguzi tu. Bi Kunigunda akamuuliza marehemu anaonaje habari ya vichanja. Mzee akamjibu kwa hasira kwamba mianzi imejaa mabondeni, nani amewazuia kukata, au wanasubiri ishuke yenyewe? Watu wakapiga makofi. Msibani!

Haya hayakunitisha. Lililonitisha lilifika leo asubuhi. Kilian! Jamaa yangu Cleopa, mvuvi wa Mbamba Bay, alisikia habari akamwambia, na Kilian kapanda gari la kwanza. Kaingia uwanjani analia, koti limekunjamana, kapiga magoti akakumbatia miguu ya baba yake mkubwa mpaka viazi vikabingirika. Mzee anamwambia inuka, mimi mzima. Kilian hasikii. Glorious akamsogezea maikrofoni. Nikaruka kumzuia. Mguu ukanasa kwenye kuni. Nikaanguka kifudifudi.

Nilipoinuka alikuwa ameshasema yote. Kwamba hajui lolote la kahawa, hata kuinywa hainywi, anakunywa chai. Kwamba shemeji yake alimwambia afunge mdomo, na akamnyang'anya simu. Kwamba tangu achaguliwe kuwa mwenza hapati usingizi, kila Mzee Othmar akikohoa yeye hupiga ishara ya msalaba, maana siku moja ataamka mwenyekiti. Anawaomba wanachama wamsamehe, watafute mtu anayeweza.

Bi Kunigunda akasema hili ndilo jibu la kwanza la Kilian aliloelewa, na bahati mbaya hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Jumanne, 9 Juni

Redio imelipiga asubuhi, mchana na jioni. Sauti ya Kilian, kilio, kisha kishindo. Kishindo ni mimi naanguka. Stephano kafungua madirisha yote mawili.

Kikao cha ukoo jana. Mkwe kutangaza kifo cha mkwewe aliye hai! Wazee walisema jambo hili hawajalisikia tangu wazaliwe, na mmoja hasikii vizuri, ikabidi aelezwe mara mbili, na mara ya pili alishtuka kuliko wenzake wote. Nimetozwa mbuzi. Nilijaribu kueleza kwamba nia yangu ilikuwa njema. Wakaongeza kuku.

Nimerudishwa kwenye majembe. Nje kidogo ya mlango safari hii.

Edina haongei na mimi, anaongea na masufuria. Leo ameliambia sufuria la ugali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kisha akageuka, akaniambia mimi sasa, kwamba alimlilia baba yake na mimi nikasimama pale najua. Najua! Akaniuliza machozi yangu yalikuwa ya nani. Nilitoka nje nikakaa karibu na kuku wa faini. Sijisikii vizuri mpaka sasa.

Lakini kazi ni kazi. Kilian amejitoa, na Mzee Othmar anaruhusiwa kuleta mwenza mwingine mpaka Alhamisi. Wazo likanijia. Kosa langu lilikuwa kumtegemea mtu! Mwenza awe mimi mwenyewe! Nikaenda kwa mzee mbio. Nikamweleza. Akakohoa mara mbili. Nikashukuru, nikaanza kupanga. Akavuta blanketi, akasema kwa taabu kwamba ameshatuma mtu Litumbandyosi kwa Mzee Bernadi, mwanachama kama sisi.

Bernadi! Nikamuuliza kwa nini. Akasema umati uliokwenda kumzika haujawahi kuja kwenye mkutano wake wowote.

Jumamosi, 13 Juni

Mkutano mkuu. Wameshinda. Bi Otilia alihutubia vizuri, mpaka mdondo wa kuku akaurudia. Mzee Bernadi aliulizwa maswali mengi kweli, akayajibu yote kwa ukali, mengine kabla hayajaisha. Alipoulizwa kama umri wake si tatizo, akasema yeye kufa ameshakufa, aulizwe mwingine. Watu walicheka mpaka Mzee Othmar akapaliwa, na wote tukatazamana, na ikaonekana wazi kwamba hakuna tena aliyekuwa na hofu.

Kilian hakuja. Yupo Mbamba Bay kwa mama yangu, hataki kurudi. Cleopa anasema amenenepa, anacheka, na anatengeneza vichanja vya kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani. Vichanja! Ningejua!

Sasa lisikie hili. Kazi ya kwanza ya makamu mpya ilikuwa kumtaja karani wa mizani. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, kwa tahadhari. Nilisema moyoni, damu nzito kuliko maji, na mbuzi si nimeshatoa. Mzee akasimama. Akatazama watu. Akamtaja Edina.

Edina wangu! Mke wangu mimi! Wanawake wakapiga vigelegele. Baba mkwe akalia. Edina akapita mbele, akapokea ufunguo wa ghala, na wakati anarudi kila mtu anamwamkia, tangu wa mstari wa nyuma kabisa. Nikamsogelea kumpongeza. Akaniambia msimu huu wanahitaji watu wa kubeba magunia.

Nimekaa muda mrefu nyuma ya ghala. Nilikuwa naitaka ile mizani. Niliitaka kuliko kitu chochote. Na sasa iko nyumbani kwangu, na mimi ndiye nisiyeigusa.

Jumapili, 14 Juni

Mambo si mabaya. Nimelala nikaona mwanga.

Mizani ni nini hasa? Chuma. Anayeshika mizani anakaa ghalani na vumbi. Mtu mkubwa ni yule anayekaa karibu na makamu. Na huyu makamu wetu, kwa heshima zote, mdomo wake ni mkali mno. Akiachiwa redio siku moja atatukana mnunuzi, kahawa ibaki ghalani. Anahitaji msemaji. Mtu mwenye uzoefu wa vyombo vya habari. Yuko nani zaidi yangu?

Mzee amefikia kwetu tangu jana, kwa sababu ya vikao vya chama. Baada ya misa nimemwandalia uji mwenyewe, nikamwongezea karanga. Anaunywa hapa mbele yangu sasa hivi wakati naandika. Hajaniitikia shikamoo bado, lakini uji anaupokea. Ni mwanzo.

Simu imeita. Glorious. Anaomba dakika chache tu na makamu mpya, kesho asubuhi, wananchi wana hamu ya kumsikia. Nimesimama wima. Nimesafisha koo. Nimemwambia Mzee Bernadi hayupo, amesafiri kikazi kwenda Songea, na kwa sasa mambo yake yote yapitie kwangu.

Mzee ameweka kikombe chini. Ananitazama. Amenyoosha mkono anaomba simu.

Nimeizima.